Nafasi ya Vidole Viwili

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu haujawahi kutiwa zipu. Nikipata jambo la heri, mteja wa kwanza anayeingia dukani ndiye anayeondoka nalo. Kwa hiyo mwanangu alipopewa ukuta mzima wa ukumbi wa maktaba ya mji ili achore, niliwaambia waliokuja kupunguza suruali, nikawaambia waliokuja kuulizia sare za watoto, nikamwambia hata bwana mmoja aliyekosea mlango akitafuta duka la dawa. "Binti yangu kapewa ukuta," nilimwambia. Bwana wa watu akanipa hongera, akaenda zake kutafuta dawa ya kichwa.

Na kwa nini nisiseme? Yule mtoto nimemlea chini ya meza ya kukatia. Alijifunza kushika penseli kwa kuchora nyuma ya karatasi zangu za vipimo, na siku moja nilimkuta ameichora pua ya mteja kwenye kitambaa cha mteja mwenyewe. Walimu walisema atapoteza muda. Ndugu wa mume wangu walisema atapoteza muda. Sasa maktaba, yenye sakafu inayong'aa mpaka unaona kucha zako, imempigia simu ikamwambia njoo, ukuta ni wako. Kichwa kilinivimba, na wala sikukitafutia dawa.

Mwenye sindano ya kunitoboa alikuwa wifi. Ni dada wa mume wangu, na tunakaa naye nyumba moja tangu alipostaafu. Alifanya kazi maisha yake yote nyuma ya dirisha la mapokezi hospitalini, akiita wagonjwa waingie kwa daktari, na mpaka leo anaongea kana kwamba mbele yake kuna foleni.

"Wifi, chema chajiuza," aliniambia huku akikoroga chai yangu kwa kijiko changu. "Chako mbona unakitembeza mtaa mzima?"

"Nakitembeza kwa sababu kina miguu."

"Haya. Nitawaleta na wa upande wetu, wote, waje waone. Baadaye usije ukasema tulikususia."

Wa upande wao maana yake ni ukoo mzima wa mume wangu, wale wale wa kupoteza muda. Nikamwambia awalete, na wakitaka waje na majirani zao. Moyoni nilikuwa nimeshaupamba huo ukuta. Nilishawaona wajukuu zangu, ambao hata baba yao bado hajapatikana, wakishikwa mkono na kuonyeshwa: huu kachora mama yenu.

Mwanangu akaja dukani asubuhi moja nikiwa napindia pazia.

"Mama, zile chaki zako za bapa, nyeupe na bluu, unazo nyingi?"

"Za nini?"

"Za ukuta."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa moja moja, nisije nikazimeza. "Chaki si inafutika, mwanangu?"

"Ndiyo. Na itafutwa." Akavuta kigoda akakaa, na mimi nikajua nitaambiwa jambo la kukaliwa. "Sikiliza, mama. Ukuta tumeupaka rangi nyeusi, kama ubao wa darasani. Mtu yeyote anayepita, akitaka, anasimama, na mimi namzungushia mstari. Basi. Akirudi siku nyingine anasimama palepale, namzungushia tena. Hakuna kufuta, hakuna kurekebisha, mstari ukishapita umepita. Siku ya mwisho tunauosha ukuta kwa maji, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake."

"Na kinachobaki?"

"Hakibaki kitu."

"Mwanangu, mimi nimeshawaambia watu!"

"Waambie wawahi."

Nilinuna. Mimi nikinuna cherehani inasikika mpaka barabarani. Jioni nilimfuata jikoni, nikambembeleza achore kwa rangi, hata kipande kidogo pembeni, kitu cha kuacha. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana adabu anayo, kisha akaniambia, "Mama, rangi inasema mtu alikuwa hivi. Mimi nataka kusema mtu yupo." Nikamwambia hiyo tofauti haionekani kwa macho. Akasema nije nione.

Wifi naye, ambaye masikio yake hayajastaafu, alikuwa ameshasikia. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," akasema. "Kelele zote zile, kumbe kazi ya kufutwa na tambara!" Nikamjibu kwa ukali sana, na ukali ule ulitoka wapi kama si kwenye ukweli kwamba nilikuwa upande wake. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, ukuta ule ubaki, ili mtu asiseme tena kwamba mwanangu alipoteza muda. Ukifutwa, wanaosema hivyo watakuwa wamepewa ushahidi na mwenyewe.

Basi nikaenda kuona. Ukuta ulianzia mlango mkubwa ukaenda mpaka ngazi, mweusi, na juu yake watu. Si sura, si macho, mistari tu, lakini ungewajua. Kulikuwa na mama aliyesimama na mtoto mgongoni, wawili ndani ya mstari mmoja. Kulikuwa na wanafunzi waliogandana mabega kama kawaida yao. Na kulikuwa na mzee mmoja mstaafu ambaye pale maktaba wote walimwita Mzee Magazeti, kwa sababu aliingia mlango ukifunguliwa, akasoma magazeti yote ya bure, na kutoka akiwa amekasirika. Yeye alisimama kila asubuhi. Mistari yake ilikuwa mingi, mmoja juu ya mwingine, ukiitazama kwa mbali utasema anapumua.

"Jana bega langu lilikuwa hapa," alikuwa akilalamika nilipofika. "Leo liko hapa. Nani kalishusha?"

"Siku imelishusha, mzee," mwanangu akasema. "Kesho litapanda."

"Lisipopanda?"

"Utakuja tuone."

Mzee akacheka, na kesho yake akaja. Nami nikarudi dukani nimenuna zaidi. Ukuta ulikuwa mzuri! Ungekuwa mbaya ningeuacha uoshwe kwa amani, lakini ulikuwa mzuri kuliko nilivyokuwa nimewatangazia watu, na mimi kutangaza sijambo.

Ikapangwa siku ya wageni. Wangekuja watu wa chama cha wasanii na bodi ya maktaba, waone kazi, wapime kama mwanangu ni wa kupewa kazi nyingine. Wifi naye akaichagua siku hiyohiyo kuwaleta wa upande wao. Ilipobaki siku mbili, binti yangu akashuka vibaya kwenye kigoda, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavimba kama kimetiwa sufi.

Alikuja dukani mkono umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kitambaa. Hakulia. Alikaa akitazama mlango. "Nimewaambia watu wengi warudi leo," akasema. "Wasiponikuta, mstari wao wa kwanza utakaa peke yake. Kazi yote ni huo wa pili."

"Nipe hizo chaki."

"Mama, wewe hujawahi kuchora."

"Nimewazungushia watu mistari kabla hujazaliwa. Kwani nguo hukatwa kwa kubahatisha? Nenda ukapigwe picha ya mfupa, mimi naenda maktaba."

Hakuwa na jingine. Akanikumbusha sheria zake mlangoni: nifuate mwili, nisiinue chaki, nisifute. Nikamwambia aende, mimi si mwanagenzi.

Jamani, nilifurahi siku ile! Watu walikuja, nikawapanga ukutani, nikawazungushia kuanzia kisigino, kiunoni, kwapani, sikioni, nikateremka upande wa pili mpaka kisigino kingine. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, haukutetemeka hata mara moja. Wengine waliniuliza kama mimi ndiye msanii mwenyewe. Niliwajibu kwamba mimi ni kiwanda alikotengenezwa. Mzee Magazeti alisema nina mkono wa imani kuliko binti yangu, nikamkemea, lakini si sana.

Halafu wifi akatokea. Alikuja na kikapu, kana kwamba anapita tu, na wala maktaba haiko njia ya sokoni.

"Nasikia fundi kawa msanii," akasema. "Hebu na mimi nizungushie, niuone huo uchawi."

"Simama vizuri."

"Nimesimama."

"Umesimama kama umekamatwa. Legeza mabega."

Akalegeza. Nilipopita na chaki karibu na shingo yake, akafumba macho. Nikaenda polepole zaidi. Nilipomaliza akageuka, akautazama ule mstari kwa muda mrefu bila neno, na wifi bila neno ni jambo la kuitisha daktari. Mwishowe akasema, "Mbona umeninenepesha hivi?"

"Ndivyo ulivyo," nikamjibu, na nikaenda kwa mwingine.

Asubuhi mwanangu akaja, mkono umefungwa bandeji. Alipita kando ya ukuta polepole, akarudi, akapita tena. Mzee Magazeti alikuwa ameshajisimamisha mahali pake, akisubiri. Mwanangu akamsogelea, akaingiza vidole vyake vya mkono wa kushoto kati ya bega la mzee na mstari wangu wa jana. Vidole viwili vikaingia vizuri, bila kubanwa. Akashuka kiunoni, vikaingia. Gotini, vikaingia. Akamwita mwanafunzi mmoja asimame kwenye mstari wake, na kwake vikaingia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimewaachia nafasi ya mshono. Wote! Fundi hakati kwenye mwili, huacha vidole viwili nje, na mkono wangu umefanya hivyo miaka mingi mpaka hauombi tena ruhusa. Nilisimama pale jana nikijisifu jinsi ulivyo mwepesi, kumbe ulikuwa unakata nguo. Umati mzima wa watu ulikuwa umenenepa siku moja, na sheria ya mwanangu ilikuwa hakuna kufuta, na wageni walikuwa wanakuja kesho.

"Si nilisema mimi!" Wifi huyo, nyuma yetu. Alikuwa amerudi, na kikapu safari hii hakuja nacho. "Nilisema nimenenepeshwa, nikaambiwa ndivyo nilivyo!"

Nikaokota sponji kwenye ndoo ya wafagizi. "Nafuta," nikasema. "Nikiulizwa nitasema ni mimi, mama mtu, nimeharibu. Wewe hutaguswa."

"Mama, usiguse." Alisema kwa sauti ndogo, lakini nikasimama. Alikuwa bado ana vidole viwili ndani ya mstari wa mzee. "Kwa nini viwili?"

"Nini?"

"Kwa nini unaacha? Niambie kama unavyomwambia mteja."

Sikuwa na hamu ya masomo, nilikuwa na hamu ya kuzama sakafuni. Lakini nikamjibu. "Nguo iliyokatwa kwenye mwili haishoneki. Na hata ukiishona, mtu atakula, ataugua, atazaa, atakonda. Ukimkata vile alivyo leo, kesho umemfukuza kwenye nguo yake mwenyewe. Kwa hiyo unamwachia."

Mwanangu akakaa chini, pale pale kwenye sakafu inayong'aa. Nikadhani anazimia. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka, na mkono wa bandeji ameukumbatia. "Mimi nilikuwa nachora pale walipokuwa," akasema. "Wewe umechora na pale ambapo bado hawajafika. Mama, hili nililitafuta wiki zote hizi sikulipata."

"Nimekosea, mwanangu."

"Umekosea vizuri sana. Simama, tuendelee hivyo hivyo."

Tukaendelea. Alishika chaki ya bluu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwa umezoea kazi, akawa anafuata mwili wenyewe, mstari wa ndani unaotetemeka. Mimi nikapita nje na chaki yangu nyeupe, vidole viwili, bila kutetemeka. Kila mtu akawa na mistari miwili, na kati yake nafasi nyeusi. Tulikanyagana miguu, tukagombana nani apite kwanza kwapani, na sijui kama nimewahi kufanya kazi nikiwa na furaha ile. Wifi alisimama tena. Hakuulizia unene.

Wageni walifika, na wa upande wao wakafika. Mkubwa wa wageni alikuwa mama mmoja mwenye miwani mikubwa, asiyesema ovyo. Alitembea ukuta mzima, akarudi kwenye mistari ya nje, akauliza ni ya nani.

"Ya mama yangu," mwanangu akasema. "Ni fundi cherehani. Hii sehemu yote tumeifanya wawili."

Mbele ya ukoo mzima! Nilijisikia niko juu ya meza. Yule mama akavua miwani, akaenda ukutani, akasema na yeye azungushiwe. Baada ya hapo kila mtu akataka. Shemeji yangu mkubwa, yule wa mwanzo kusema mtoto atapoteza muda, alisubiri zamu yake ameshika kofia mkononi. Na aliyekuwa akiwapanga ni nani kama si wifi? "Mmoja mmoja! Wenye watoto mbele! Baba, wewe umeshasimama, nimekuona, pisha wengine!" Foleni ilienda kwa nidhamu ambayo hospitali ingeionea wivu.

Siku ya kuosha ikakaribia. Mkuu wa maktaba, kijana mpole wa tai iliyobana, akatufuata mwenyewe dukani, mimi na mwanangu. Alikataa kukaa, akakaa. Akasema bodi imeamua ukuta usioshwe. Utawekewa dawa ya kushika chaki, utafunikwa kwa kioo, na pembeni kutawekwa kibao cha shaba chenye majina yetu wawili. "Kwa kudumu," akasema. "Mkikubali."

Nilitaka kumkumbatia na tai yake. Kila nililoliomba lilikuwa limeingia dukani kwangu kwa miguu yake! Nikamgeukia mwanangu, nikitegemea kumkuta amekunja uso. Hakuwa amekunja. Alikuwa anaangalia mikono yake, na macho yanang'aa.

"Shaba, mama," mwanangu akasema baada ya Mkuu kuondoka. "Jina langu kwenye shaba." Akaifumba ile mikono. "Nilikuwa najua kabisa nitakataa. Sasa sijui. Nusu ya mistari ni yako. Nikisema mimi, nitasema kwa tamaa. Sema wewe."

Mimi sikuhitaji kufikiri. Asubuhi nilivaa gauni langu la kupokelea wageni, nikaenda maktaba na neno "ndiyo" limejaa mdomoni.

Nilipoingia nikakuta wameshaanza. Mbele ya ukuta, kutoka mlangoni mpaka ngazi, walikuwa wamefunga kamba, na mlinzi wa mlango amewekwa hapo. Na mbele ya kamba amesimama Mzee Magazeti. Alikuwa amekuja kusimama, kama kila asubuhi. Mlinzi, ambaye ni mtu mwema na anamfahamu, alikuwa anamweleza kwa upole kwamba sasa hairuhusiwi kugusa, ni kazi ya kudumu, atazame tu.

"Lakini ule ni mimi," mzee akasema.

"Ndiyo wewe, mzee. Tazama."

Mzee akautazama. Bega lake siku ile lilikuwa limeshuka sana, hata mimi niliona, na hakuwa na mahali pa kulipeleka kulipima. Akakunja gazeti lake, akaenda kukaa mbali.

Lile "ndiyo" likanikwama. Nimeshona nguo nyingi, na najua kuna moja tu iliyonishinda kuipenda, nayo ni ile inayoning'inizwa dirishani mwa duka kwenye mdoli, ya kutazamwa. Haijatoka jasho, haijapasuka, na hakuna mwenye mwili wake. Nilikuwa tayari kuwafanya watu wote wale hivyo, ili mimi nipate cha kuonyesha.

Nikapanda kwa Mkuu. Nikamwambia tunashukuru, tena sana, lakini ukuta uoshwe siku yake, na ile kamba aitoe leo.

"Mama," akasema, "unajua unachokikataa?"

"Nakijua kuliko wewe. Nilikitaka kabla yako."

Mwanangu alikuwa ananisubiri chini ya ngazi. Nilipomwambia, alifumba macho, na nikaona jinsi kile kibao cha shaba kilivyompita na kumuuma, maana na yeye ni mtu. Kisha akaniegemea begani, uzito wake wote, kama alipokuwa mdogo. "Asante," akasema. "Ningesema ndiyo." Nilimpenda kwa kukiri, na nilijivuna. Nilijivuna kuliko siku ya wageni.

Kamba ikatolewa. Mzee Magazeti akasimama, tukampimia bega, akalalamika.

Siku ya kuosha tuliweka ndoo za maji na sponji, na kila aliyetaka alijifuta mwenyewe. Watu waliokuja walikuwa wengi. Yule mama wa mtoto mgongoni alimshika mtoto mkono, wakafuta pamoja. Wanafunzi walirushiana maji mpaka mlinzi akawafokea. Mama wa miwani alikuja pia, akajifuta kimya, na kabla ya kuondoka akamwambia mwanangu kwamba kuna ukuta mwingine, mkubwa zaidi, na amempendekeza yeye, afanye anachotaka juu yake. Nilisikia, lakini nilijifanya nakamua sponji.

Ukuta ukawa mweusi, umelowa, isipokuwa mahali pamoja. Wifi alikuwa amesimama mbele ya mistari yake, mikono kifuani, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

"Mimi sifuti," akasema.

"Wifi, ndiyo kazi yenyewe."

"Huu uacheni. Mmoja tu. Unamdhuru nani?" Sauti yake ilikuwa ya dirishani, kubwa, halafu ikapungua. "Nimekaa pale hospitali nimeita watu mpaka koo likakauka. Kila mtu alipita, akaangalia mlango wa daktari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia simama hapo nikuone. Sasa mkifuta, nani atajua kwamba nilisimama hapa?"

Nilikuwa na majibu, siku zote ninayo. Nikayaacha. Nikaenda nikasimama naye, bega kwa bega, tukitazama ule unene wake.

"Mimi najua," nikamwambia. "Nilikuanza kisigino cha kushoto. Nyonga yako moja imepanda kuliko nyingine, ni ya kukaa kwenye kiti kibovu miaka yote. Sikio la kulia limesimama kidogo. Nilipofika shingoni ulifumba macho, na ulikuwa unatetemeka, nikaenda polepole. Ulirudi kesho yake bila kikapu. Nilikuona, wifi. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Alipangusa uso kwa mgongo wa mkono, kisha akanyoosha mkono huohuo kwangu, nikampa sponji. Akaanzia miguuni, akapanda taratibu, upande mmoja na mwingine, na mimi nikamshikia ndoo.

Alikuwa amefika kichwani wakati msichana mmoja alipoingia na mkoba wa vitabu, akasimama katikati ya maji, akashangaa ule umati mbele ya ukuta mtupu. Akauliza hapa palikuwa na nini.

"Tulikuwepo sisi," wifi akamjibu kabla sijafungua mdomo, na sponji inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Na huyu hapa ndiye mama wa binti aliyetuchora."